Everett Garrison: Mhandisi wa reli aliyeipigia hesabu fimbo ya kuvulia samaki

EVERETT Garrison alipoaga dunia mwaka wa 1975, akiwa ameupita umri wa miaka 80, hakuacha kiwanda wala utajiri wa kutajika. Aliacha karakana ndogo ya nyumbani, vyuma viwili virefu vilivyofungwa pamoja kwa bolti, karatasi zilizojaa tarakimu na kitabu ambacho hakikuwa kimekamilika.

Idadi ya fimbo alizoziunda katika aushi yake nzima haifiki elfu moja. Viwanda vya enzi yake vilitengeneza nyingi zaidi ya hizo kwa muda mfupi. Hata hivyo, jina la Mmarekani huyu ndilo linalotajwa kwanza kila wanapokutana watu wanaounda fimbo za mianzi kwa mikono yao, iwe ni Marekani, Ulaya au Japani.

Sababu ya jambo hilo si uzuri wa fimbo zake pekee, ingawa zilikuwa nzuri mno. Garrison aliichukua kazi ambayo mafundi waliifanya kwa kubahatisha na kwa mazoea, akaipigia hesabu. Kisha, akiwa mzee, alifanya jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakulifanya: alifungua mlango na kuonyesha kila hatua ya kazi yake.

Ili kuielewa kazi hiyo, yafaa kwanza kuelewa uvuvi wenyewe. Mvuvi wa ndoano wa kawaida hutundika chambo au risasi kwenye ncha ya mshipi, na uzito huo ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali anapourusha. Katika uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Nzi huyo, anayefungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kusema. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao hutengenezwa uwe mzito kimakusudi, na nzi hufuata nyuma yake.

Kwa hivyo fimbo ya uvuvi huo si kijiti cha kuning'iniza mshipi. Ni chombo kinachofanya kazi kama upinde. Inaponesa kwenda nyuma hukusanya nguvu, na inapojinyoosha huitoa nguvu hiyo na kuutuma mshipi mbele. Ikiwa ngumu kupita kiasi, hainesi. Ikiwa laini kupita kiasi, mshipi huanguka miguuni mwa mvuvi.

Uvuvi huu si mgeni nchini Kenya. Samaki aina ya trauti waliletwa nchini mwaka wa 1905, wakazoea mito baridi ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na hadi leo nzi bandia wanaofungwa na mafundi wa Kenya huuzwa katika mataifa ya ng'ambo. Fimbo zenyewe, hata hivyo, zina historia ya mbali.

Garrison alizaliwa mwaka wa 1893 katika mji wa Yonkers, kaskazini mwa jiji la New York, kando ya mto Hudson. Alisomea uhandisi katika Chuo cha Union kilichoko Schenectady, katika jimbo hilo hilo la New York, na baadaye akaajiriwa na shirika la reli la New York Central, mojawapo ya mashirika makubwa ya reli nchini Marekani wakati huo.

Mhandisi wa enzi hizo alikuwa mtu wa kukokotoa mizigo. Daraja litabeba uzito gani kabla ya kupinda? Boriti hii iwe na unene gani ili isivunjike, na wakati huo huo isiwe nzito bila sababu? Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyomlea Garrison kitaaluma. Pengine asingewahi kuyahusisha na samaki, lau si daktari mmoja wa mji wao.

Daktari huyo ni George Parker Holden. Mbali na kutibu wagonjwa mjini Yonkers, Holden alikuwa mraibu wa uvuvi wa mtoni na mwandishi. Mwaka wa 1920 alichapisha kitabu kilichoitwa The Idyl of the Split-Bamboo, ambamo alieleza namna mtu wa kawaida, asiye fundi wa kulipwa, angeweza kujiundia fimbo ya mwanzi. Garrison alikutana naye katika miaka ya 1920 na kuonyeshwa misingi ya kazi.

Kitabu cha Holden kilikuwa jambo la nadra. Fimbo ya papi sita za mwanzi zilizogandishwa pamoja ilianza kujulikana nchini Marekani katikati ya karne ya 19, na sifa nyingi hupewa Samuel Phillippe, fundi wa bunduki na wa fidla wa mji wa Easton, jimboni Pennsylvania. Baada yake alikuja Hiram Leonard wa jimbo la Maine, ambaye katika miaka ya 1870 alibuni mashine ya kukata papi hizo kwa kasi. Mashine hiyo iliwekwa katika chumba kilichofungwa kwa kufuli, na ni watu wachache mno walioruhusiwa kuiona ikifanya kazi.

Ndivyo biashara ilivyokuwa. Vipimo vya fimbo iliyosifiwa vilikuwa mali, na fundi aliyevijua hakuvitoa kiholela. Aliyetaka kujifunza aliingia kiwandani akiwa kijana, akafagia vumbi, akasubiri miaka. Wapo mafundi waliokufa na ujuzi wao wote, na waliobaki wakalazimika kuzipima fimbo zao za zamani ili kukisia walikuwa wamekusudia nini.

Garrison hakuwa amepitia kiwanda chochote cha fimbo. Alikuwa na hesabu zake za reli. Akajiuliza swali ambalo mhandisi yeyote angejiuliza: ikiwa fimbo ni boriti iliyoshikiliwa upande mmoja na kubebeshwa mzigo upande wa pili, kwa nini unene wake usikokotolewe?

Jinsi alivyolijibu swali hilo ndiyo kiini cha umaarufu wake. Aliigawanya fimbo katika vituo, kila kimoja kikiwa inchi tano kutoka kwa kingine. Katika kila kituo alijumlisha uzito wote uliokuwa mbele yake kuelekea nchani: mshipi uliokwisha kurushwa hewani, mshipi uliolala ndani ya vipete, vipete vyenyewe, vanishi, kiungio cha chuma na mwanzi. Kila uzito aliuzidisha kwa umbali wake kutoka kwa kituo hicho.

Kwa kuwa fimbo haikai tuli bali hupigwa mbele na nyuma kwa kasi, aliichukulia mizigo hiyo kuwa mara nne ya uzito wake wa kawaida. Baada ya hapo aliamua mwanzi ubebeshwe mkazo kiasi gani katika kituo hicho, kisha akatafuta unene utakaoupa mkazo huo. Kazi hiyo aliirudia kituo baada ya kituo, kutoka nchani hadi mkononi, kwa penseli na rula ya kukokotolea. Kompyuta hazikuwapo.

Mkazo aliouchagua haukuwa sawa kila mahali. Aliuacha uwe mkubwa karibu na ncha na kuupunguza hatua kwa hatua kuelekea mkononi. Matokeo yake ni fimbo inayoanza kunesa nchani na kuendelea kunesa taratibu hadi chini kadiri mshipi unavyoongezeka, bila kuwa na mahali inapogota ghafla au kulegea ghafla.

Ni kweli kwamba hesabu hizo zina mipaka. Kuzidisha kwa nne ni makadirio tu, kwani si kila mvuvi hurusha kwa nguvu moja. Aidha, wapo wavuvi walioona fimbo zake kuwa za polepole, zinazomtaka mtu awe na subira mkononi. Hesabu zilimweleza Garrison unene wa kuufikia mkazo fulani. Hazikumweleza ni mkazo gani utakaompendeza mvuvi. Hilo aliliamua mwenyewe kwa kuzijaribu fimbo, na pengine hapo ndipo palipokuwa na kipaji chake hasa.

Lakini tofauti ilikuwa hii: fimbo iliyompendeza aliweza kuiunda tena, na ikiwa haikumpendeza alijua abadilishe kituo gani na kwa kiasi gani. Fundi wa mazoea hakuwa na uwezo huo.

Mdororo mkuu wa uchumi uliotokana na kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka wa 1929 uliwaacha wahandisi wengi bila kazi. Ni katika miaka hiyo ya mapema ya 1930 ambapo Garrison alianza kuwauzia watu wengine fimbo zake. Ulikuwa wakati mbaya wa kuuza kitu cha starehe. Hata hivyo, jiji la New York lilikuwa na wavuvi wenye uwezo ambao hawakutikiswa sana na mdororo huo, na waliozijaribu fimbo za mhandisi huyo waliwapasha habari wenzao.

Mmoja wa rafiki zake alikuwa Alfred Miller, mwandishi aliyejulikana na wavuvi kwa jina la Sparse Grey Hackle. Maandishi ya Miller yalichangia pakubwa kulieneza jina la Garrison nje ya kundi dogo la wateja wake.

Garrison hakufungua kiwanda hata baada ya kujulikana. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mwajiriwa aliyeunda fimbo katika saa zake za ziada, moja baada ya nyingine, kwa agizo la mteja. Fimbo hizo alizipa namba badala ya majina ya kuvutia. Ile aliyoiita 212, yenye urefu wa futi nane, ndiyo iliyosifika kuliko nyingi, na vipimo vyake bado vinafuatwa na mafundi wa leo.

Ni katika karakana, hata hivyo, ambapo tabia ya mtu huyu ilionekana waziwazi. Kazi ilianzia kwenye kuchagua mwanzi, na hapo hapakuwa na mzaha.

Mianzi iko ya aina nyingi duniani. Hata misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, kando ya mito ile ile yenye trauti, imejaa mianzi. Lakini waundaji wa fimbo hutegemea aina moja inayokuzwa katika eneo dogo la mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina, na ambayo wafanyabiashara waliizoesha jina la Tonkin. Mtaalamu wa mimea Floyd McClure, aliyefunza katika Chuo Kikuu cha Lingnan mjini Guangzhou, ndiye aliyeipa jina la kisayansi mwaka wa 1931: Arundinaria amabilis, yaani mwanzi wa kupendeza.

Sifa ya mwanzi huo ni nyuzi zake. Chini tu ya ganda lake la nje kuna tabaka nene la nyuzi zilizoshonana, ngumu na nyepesi, na ndizo zinazoipa fimbo uwezo wa kunesa na kurudi. Kadiri mtu anavyoingia ndani, nyuzi hupungua na kubaki nyama laini isiyo na nguvu. Garrison aliangalia kina cha tabaka hilo kwanza. Mwanzi wenye matundu ya wadudu, uliochubuka ganda au uliochomwa na moto wakati wa kunyooshwa aliutupilia mbali, hata kama ungemfaa fundi mwingine.

Mwanzi haukukatwa kwa msumeno. Ulipasuliwa. Msumeno hufuata mkono wa fundi na kuzikata nyuzi zinapopinda, ilhali mpasuko hufuata nyuzi zenyewe. Papi zilizopatikana zilikuwa zimepindapinda, hususan kwenye mafundo, nazo zilipashwa joto na kunyooshwa moja moja. Kisha zilipangwa ili fundo la upapi mmoja lisikutane na la jirani yake, maana fundo ni mahali pa udhaifu, na udhaifu uliorundikwa mahali pamoja huvunja fimbo.

Baada ya randa ya kwanza, papi zilifungwa pamoja na kutiwa ndani ya oveni ili unyevu utoke na nyuzi zikakamae. Joto likizidi, mwanzi hugeuka wa kahawia na kuwa dhaifu. Garrison alipendelea fimbo yenye rangi hafifu ya nyasi kavu.

Ndipo ilipofuata kazi ambayo vile vyuma viwili viliundiwa. Viliwekwa sambamba na kuacha mfereji katikati, na kila baada ya inchi tano palikuwa na bolti za kuvisogeza karibu au kuvitenganisha. Kila bolti ililingana na kituo kimoja cha zile hesabu. Upapi ulilazwa ndani ya mfereji, na randa ikapita juu yake hadi ilipogusa chuma. Kwa njia hiyo tarakimu za kwenye karatasi ziligeuka kuwa umbo la mwanzi.

Kila upapi ulikuwa na pande tatu zinazolingana, na papi sita zilikamilisha fimbo yenye pembe sita. Randa iligusa pande mbili za ndani tu. Upande wa nje, wenye zile nyuzi za thamani, ulikwanguliwa ganda lake jembamba na kuachwa ulivyo.

Garrison alipima kwa kiwango cha sehemu moja ya elfu ya inchi. Mtu anaweza kudhani hayo ni madoido ya mhandisi, lakini hesabu yenyewe inamtetea. Ugumu wa fimbo huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake, kumaanisha kwamba ukiuongeza unene maradufu, ugumu huwa mara 16. Karibu na ncha, fimbo huwa na unene wa takriban elfu 70 za inchi. Fundi akikosea kwa elfu tatu pekee, kiasi kisichozidi unene wa unywele, mahali hapo huwa pagumu kwa karibu asilimia 18 zaidi ya ilivyokusudiwa. Mkono wa mvuvi huligundua hilo hata kama jicho halilioni.

Gundi nayo ilikuwa na suala lake. Mafundi wa zamani walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ambayo hushika vyema lakini huchukia maji, na fimbo ya kuvulia haina pa kuyakimbilia maji. Garrison alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kugeukia gundi za kikemikali. Papi zilizopakwa gundi zilipitishwa kwenye kifaa alichokiunda mwenyewe, chenye mpini wa kuzungusha na mshipi wa kamba, ambacho kiliisukuma fimbo mbele huku kikiizungusha na kuiviringishia uzi uliokazwa sawasawa. Baadaye ilipitishwa tena kwa kugeuza upande wa mzunguko ili msokoto wa kwanza ufutwe na wa pili.

Vifaa vya kupachika alivichagua kwa mizani ile ile. Mnunuzi wa kawaida hutazama mng'aro wa chuma na urembo wa mbao. Garrison alitazama uzito, kwa sababu kila kitu kilichofungwa kwenye fimbo kilikuwa tayari kimo katika hesabu zake. Kiungio cha katikati, kilichotengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, ni kizito kuliko mwanzi na hakinesi, hivyo mwanzi ulioko chini yake ulipewa unene wa kukibeba. Vipete vya waya vikiwa vikubwa au vingi mno, ncha hulemewa. Vikiwa vichache, mshipi hulala juu ya mwanzi na kukwama.

Mpini ulitengenezwa kwa vipande vya mviringo vya gome lile jepesi linalotumiwa kutengenezea vizibo vya chupa, vikagandishwa kimoja baada ya kingine na kukerezwa hadi vikatosha kiganja. Vipete vilifungwa kwa uzi mweupe wa hariri ambao, ulipoguswa na vanishi, uligeuka kuwa kama kioo na kuuacha mwanzi uonekane chini yake. Mafundi wengine walitumia nyuzi nyekundu, za kijani na za dhahabu. Fimbo ya Garrison haikuwa na rangi ya kujitangaza, na kwa hilo ilitambulika kwa urahisi kuliko nyingine zote.

Vanishi haikupakwa kwa brashi. Fimbo ilizamishwa ndani ya mrija mrefu uliojaa vanishi na kuvutwa juu taratibu mno, ili isiache michirizi wala matone. Chembe moja ya vumbi ilitosha kumfanya airudie kazi.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, dunia ya fimbo iligeuka. Fimbo za nyuzi za kioo, zilizomwagwa kutoka viwandani kwa bei nafuu, zilifurika madukani. Hazikuhitaji mwanzi wa Uchina wala fundi wa kukaa na randa majuma kadhaa. Mtu yeyote angeweza kuinunua, kuitupa ndani ya gari na kuisahau mvuani.

Pigo la pili lilitokana na siasa. Mnamo Desemba 1950, Uchina ilipokuwa imeingia katika vita vya Korea, Marekani ilipiga marufuku bidhaa kutoka nchi hiyo. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Viwanda vya fimbo za mianzi vilibaki na akiba ya maghalani tu, na baadhi vilifungwa au kugeukia nyuzi za kioo. Mafundi wakongwe walistaafu bila wanafunzi, kwani kijana gani angejifunza kazi isiyo na malighafi wala soko?

Garrison aliendelea. Wakati huo alikuwa akiishi Ossining, mji mwingine wa kando ya mto Hudson. Hakuwa na wafanyakazi wa kulipa wala mtambo wa kulisha, kwa hivyo kuporomoka kwa soko hakukumwangusha kama kulivyoviangusha viwanda. Lakini miaka ilikuwa ikisonga, na hatari ilikuwa dhahiri. Hesabu zake, mpangilio wa vile vyuma, siri ndogondogo za kunyoosha fundo na kunoa randa, vyote vilikuwa vimehifadhiwa kichwani mwa mzee mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifahamiana na kijana aliyeitwa Hoagy Carmichael, mwana wa mwanamuziki mashuhuri wa Marekani aliyekuwa na jina lilo hilo na aliyeutunga wimbo wa Stardust. Kijana huyo alikuwa mtu wa filamu. Alipoiona kazi ya Garrison alivutiwa nayo, akaamua kuirekodi.

Mengi yangeweza kwenda mrama hapo. Garrison angeweza kukataa, kama walivyokataa wengine kabla yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa miaka 40 alikuwa ameuza kitu ambacho hakikupatikana kwingine, na thamani yake ilitokana kwa kiasi fulani na uhaba huo. Badala yake alimruhusu Carmichael aingie na kamera. Kila hatua ilipigwa picha, kuanzia mwanzi ulipopasuliwa hadi fimbo ilipotoka kwenye vanishi. Mzee na kijana wakaanza pia kuandika kitabu.

Haikuwa kazi nyepesi. Fundi aliyelifanya jambo kwa miongo mingi husahau kwamba analifanya. Pembe ya randa, shinikizo la kidole, harufu ya mwanzi unaokaribia kuungua: hayo hayasemeki mpaka mtu mwingine asimame kando na kuuliza kila mara kwa nini. Carmichael hakuridhika na kuuliza. Alijifunza kuunda fimbo mwenyewe, na hilo ndilo lililoiokoa kazi, maana kifo kilimjia Garrison kabla kitabu hakijamalizika.

Carmichael alikikamilisha. Kilichapishwa mwaka wa 1977 kwa jina la A Master's Guide to Building a Bamboo Fly Rod, kikiwa na majina ya wote wawili. Ndani yake hakukufichwa kitu. Vipimo vya fimbo za Garrison vilichapwa katika majedwali, inchi tano kwa inchi tano. Michoro ya vile vyuma na ya kifaa cha kufungia uzi ilikuwamo, pamoja na maelezo ya hesabu zenyewe, ili yeyote aliyetaka fimbo tofauti na za Garrison aweze kuikokotoa.

Wakati kitabu hicho kikitoka, fimbo za nyuzi za kaboni zilikuwa zimeanza kuingia madukani, nyepesi hata kuliko zile za nyuzi za kioo. Mtu angetarajia kwamba habari za mianzi zingeishia hapo. Kinyume chake, wahasibu, walimu, maseremala na wahandisi waliostaafu walianza kuagiza mianzi, ambayo sasa ilipatikana tena, na kujaribu bahati yao katika karakana za nyumbani. Wengi hawakuwahi kukutana na fundi yeyote wa fimbo. Walikuwa na kitabu tu.

Katika miaka ya 1990 hesabu za Garrison ziliingizwa katika programu za kompyuta. Kazi iliyomchukua saa nyingi kwa penseli ikawa ya dakika chache, na fimbo za mafundi waliokwisha kufa zikapimwa upya na kuchorewa mikazo yake kwa kanuni za mhandisi wa Yonkers. Wapo waliogundua udhaifu katika makadirio yake na kuyarekebisha. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu yalikuwa yameandikwa.

Fimbo alizoziunda Garrison mwenyewe sasa hununuliwa kwa maelfu ya dola, na nyingi zimetundikwa katika makabati ya wakusanyaji ambao hawathubutu kuzipeleka mtoni. Zilizojengwa kwa kufuata majedwali yake, na watu ambao hakuwahi kuwaona, ndizo zinazolowa maji.